Wimbo Ni Bure, Ila Bando Tunalipa

Upepo wa huku bado ule ule, ukianika shati asubuhi ikifika saa sita limeshakuwa la kahawia. Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya tesiti, halafu na maandalizi ya TP, mnaelewa wenyewe. Leo sina stori ya msosi wa kafeteria wala ya nani kaachana na nani. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni na sentensi moja. Naisikia kwenye ndaki yetu ya Elimu, naisikia kwa wale jamaa wa kompyuta, juzi nimeisikia hadi kwenye daladala la kwenda mjini. Inasema hivi: "Muziki siku hizi ni bure, msanii anapata hela yake kwenye shoo." Inasemwa kwa kujiamini sana, kama vile ni kanuni ya fizikia.

Mi nasema ni uongo. Na si uongo wa bahati mbaya, ni uongo unaotusaidia kulala usingizi mzuri.

Kwanza hiyo shoo iko wapi? Kwa msanii mkubwa wa Dar sawa, atajaza uwanja, ataitwa Nairobi, ataitwa Muscat. Chukua msanii wa hapa Dodoma mwenye zeze na gitaa. Shoo yake ni harusi ya binamu yake na mahafali ya shule ya sekondari, na kote huko analipwa pilau. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hilo neno "bure". Wadau, nani kasema tunasikiliza bure?

Tulifanya kautafiti kadogo chumbani kwetu, tuko wanne. Kila mtu aseme kwa wiki anaweka bando la shilingi ngapi. Mmoja elfu tano, mwingine elfu tatu, wawili elfu mbili mbili. Jumla elfu kumi na mbili kwa wiki. Semesta ina wiki kama kumi na sita, kwa hiyo chumba kimoja ni 192,000. Chumba kimoja tu! Haya, toa umbea, toa notsi za PDF, toa mpira. Chukua robo tu iwe ni nyimbo na video za nyimbo. Bado ni 48,000. Kwa hiyo sisi wanne tunaosema muziki ni bure tumelipia muziki karibu elfu hamsini kwa semesta, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kunitajia msanii mmoja aliyepewa mia yetu mkononi.

Hiyo ndo hoja yangu yote ya leo, mengine ni maelezo. Sisi hatujaacha kulipia muziki. Tumeacha kulipia wimbo, tunalipia chombo kinachobeba wimbo. Na kila chombo kinapobadilika, bei ya wimbo inashuka, ila mwenye chombo anabaki pale pale anakusanya.

Mi nimezaliwa kanda zikiwa zinaaga. Nilizikuta kwa mjomba, zimejaa kwenye boksi la viatu, zingine utepe umetoka nje kama utumbo, unaurudisha ndani kwa kalamu ya Bic. Kwa hiyo haya ya zamani nayasema kama mwanafunzi wa Historia, kwa kuuliza na kusoma.

Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi zilienda studio ya RTD, zikarekodi, wimbo ukapigwa nchi nzima. Sahani zenyewe, zile za santuri, nyingi zilichapwa Nairobi. Mwananchi wa Dodoma akitaka wimbo alikuwa na njia mbili: asubiri redio, au aende kwenye duka la kurekodi kanda. Hili duka la kurekodi ndo nataka mlielewe. Unanunua kanda tupu, unamwandikia jamaa orodha ya nyimbo kwenye karatasi, kesho unaichukua imejaa. Unalipia kanda, unalipia kazi yake ya kurekodi. Mwenye wimbo? Hakuwepo kwenye hesabu hata kidogo. Sasa nenda stesheneri yoyote ya karibu na chuo, yule dogo mwenye kompyuta iliyojaa nyimbo anakujazia memori kadi. Ni duka lile lile, kizazi cha tatu. Kwa hiyo msije mkaniambia wizi wa nyimbo umeletwa na intaneti. Intaneti imeukuta.

Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995. Inasimuliwa kwamba siku zake za mwisho alikuwa anauza kanda kwenye kibanda nje ya kwake. Mtu ambaye sauti yake ilikuwa inatoka kwenye kila redio ya mkulima nchi hii. Nalisema hili mapema kwa sababu najua kuna wazee humu watakuja kuniambia "enzi za kanda wasanii walikula". Walikula lini?

Ukweli ni kwamba palikuwa na kadirisha kadogo. Sheria ya Hakimiliki ilipitishwa 1999, COSOTA ikaanzishwa, na wakati huo huo Bongo Fleva ikalipuka. Wasambazaji wa Kariakoo, kina GMC, Mamu na FM Music Bank, wakaanza kuchukua albamu na kutoa kanda halisi zenye picha nzuri juu. Mwaka 2001 Profesa Jay anatoa "Machozi Jasho na Damu". Mwaka huo huo na ile inayofuata zikashuka albamu ambazo kaka zetu mpaka leo wanazitaja upande A na upande B. Kanda ilikuwa inacheza kwenye elfu moja hivi, nyimbo kama kumi. Kwa hiyo wimbo mmoja ni kama shilingi mia.

Wekeni hiyo mia kichwani.

Ila tusipake rangi. Aliyekuwa anajua kanda ngapi zimetoka ni msambazaji, ndiye mwenye mashine ya kunakili, ndiye mwenye daftari. Msanii alikuwa anaambiwa tu "zimeuzika" au "hazijauzika". Wengi waliuza albamu kwa mkupuo, wakapewa chao, wakamaliza. Msanii akilalamika anaambiwa nenda kanakili mwenyewe. Chombo kilikuwa cha msambazaji, na bei ilikuwa ya msambazaji. Hata hivyo palikuwa na kitu kimoja ambacho leo hakipo: kanda ilikuwa na bei inayojulikana. Mtu akiingia dukani alikuwa anajua kwamba kazi ya huyu mtu ni elfu moja. Kubishana ilikuwa ni nani anachukua ngapi kwenye hiyo elfu moja.

Halafu ikaja CD. Nayo yenyewe isingekuwa na tabu kama ingebaki CD ya kawaida ya nyimbo kumi na tano. Balaa lilikuwa MP3. CD moja ina MB 700, wimbo wa MP3 unakula kama MB 4, piga hesabu, nyimbo zaidi ya mia na hamsini kwenye CD moja. Mnazikumbuka zile CD za mitaani zenye karatasi ya rangi, sura kumi na mbili za wasanii zimebanana kama abiria wa Noah? Zilikuwa elfu moja, elfu mbili kwa mwenye maneno mengi. Shilingi mia ya wimbo ikawa kama kumi.

Wakati huku tunauziwa mia na hamsini kwa elfu, Marekani nako wanalia kivyao. Aprili 2003 Apple walifungua duka la iTunes, wimbo mmoja mmoja senti 99. Watu wakaacha kununua albamu nzima kwa ajili ya nyimbo mbili. Kule albamu ilivunjwa vipande, huku ilisagwa unga. Tofauti ni kwamba kule kila kipande kilibaki na bei.

Kisha simu. Kwanza tulirushiana kwa infraredi, unakaa dakika tano umegusanisha simu kama mnasalimiana, ukitikisika wimbo umekatika. Ikaja Bluetooth, ikaja memori kadi. Leo kadi ya GB 8 inaingia nyimbo kama 1,600, na pale stesheneri ninapotolea fotokopi kujaziwa kadi nzima ni elfu mbili. Gawanya. Wimbo mmoja ni shilingi moja na senti. Yaani kutoka mia, kwenda kumi, kwenda moja, na hapo sijahesabu jinsi shilingi yenyewe ilivyoshuka. Fotokopi ya ukurasa mmoja pale pale ni shilingi mia. Kwa bei hiyo ukurasa mmoja wa desa la Saikolojia ya Elimu ni sawa na nyimbo themanini. Na desa lenyewe limejaa makosa.

Na serikali je? Serikali ilikuja, ila ilikuja na ngazi wakati embe limeshadondoka. Mwaka 2013 ilianza kutaka stempu za TRA kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Wazo si baya. Lakini 2013 nani alikuwa bado ananunua CD? Stempu inabandikwa kwenye plastiki, wimbo umeshahamia kwenye simu, unapita hewani. Ilikuwa ni kama kuweka geti kwenye barabara ambayo magari yameshaacha kupita.

Kwenye miito ya simu ndo nilitegemea pangekuwa na nafuu. Pale mteja alikuwa analipa kweli, kila mwezi, bila kubembelezwa, kwa wimbo mmoja tena kipande cha sekunde arobaini! Ushahidi kwamba Mtanzania hana tatizo la kulipia wimbo. Lakini wasanii wakalalamika miaka nenda rudi kwamba sehemu kubwa inabaki kwa kampuni ya simu na wakala wa katikati, msanii anaambulia makombo. Chombo tena. Mwenye chombo kala.

Sasa tuje kwenye ile dawa ambayo kila mtu anaiandika siku hizi: "Aweke tu mtandaoni, atalipwa akisikilizwa."

Sawa. Boomplay ilianza 2015, ikawa inakuja imeshawekwa ndani ya simu za Tecno. Spotify wakafungua Tanzania 2021. YouTube ilikuwepo siku nyingi. Na albamu zimerudi kweli, sikatai. Diamond katoa "A Boy from Tandale" 2018, Harmonize "Afro East" 2020, Alikiba "Only One King" 2021. Majina makubwa, majalada mazuri, sherehe za uzinduzi. Nina swali moja tu la kijinga: hizo albamu ni shilingi ngapi? Nimeuliza watu kumi. Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna jibu. Albamu imerudi haina bei.

Huko mtandaoni pesa ya wanaolipia na pesa ya matangazo inawekwa kwenye kapu, kapu linagawanywa kwa kufuata nani kasikilizwa sana. Na kapu linategemea nchi. Nchi ambayo wengi hawalipii usajili, na matangazo yake ni ya bei ya chini, kapu lake ni dogo, kwa hiyo masikio elfu moja ya Dodoma hayalingani na masikio elfu moja ya London. Billboard wa Marekani walipoamua Desemba 2014 kuhesabu usikilizaji kama mauzo, waliweka kwamba nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,500 ndo sawa na albamu moja iliyouzwa. Mara elfu moja na mia tano! Mi wimbo ninaoupenda kuliko yote duniani sidhani kama nimefika mia tatu. Kwa hesabu ya namna hiyo jamaa ambaye zamani angeuza kanda 500 kwa watu wa Bahi, Mpwapwa na Kongwa, leo anahitaji masikilizo laki saba na nusu. Kongwa yote ikeshe inasikiliza.

Na sisi wasikilizaji tunapigwa vilevile, ndo maana nashangaa tunavyoshangilia. Kanda ukiinunua mara moja unaipiga mpaka utepe ukatike. Memori kadi hivyo hivyo. Lakini wimbo wa video wa dakika nne unakula MB ishirini, thelathini, kutegemea umeweka ubora gani, na kesho ukiurudia unakula tena. Kila ukiupenda zaidi unalipa zaidi, ila anayelipwa si aliyekufanya uupende. Hakuna msambazaji wa Kariakoo aliyewahi kuota biashara tamu namna hii.

Mtu ataniambia, mbona redio na TV zinalipa mirabaha? Ndiyo, Januari 2022 COSOTA waligawa shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123. Nilifurahi, hakika, ni hatua. Ila shika kikokotoo. Wastani ni laki mbili na elfu sabini na kitu kwa msanii. Bumu letu lilipandishwa mwaka ule ule kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa hiyo huo mrabaha wa wastani ni bumu la mwezi mmoja kasoro siku mbili tatu. Na bumu lenyewe mnajua tunavyolilalamikia.

Mwaka huo huo wa 2022 Sheria ya Fedha ikaleta tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakilia na kuhifadhia kazi. Hapo nakiri kuna mtu kule wizarani kaelewa. Kaona hela iko kwenye chombo, kaifuata kwenye chombo. Swali langu ni njia ya kurudi. Itatokaje kwenye flashi niliyonunua mimi hapa mjini, ipite Dar, mpaka imfikie mpiga zeze wa Chamwino ambaye wimbo wake haujawahi kupigwa redioni kwa sababu uko kwa Kigogo?

Maana hapa kwetu, wadau, hili si jambo la kusoma tu. Rose Muhando alianzia hapa hapa Dodoma, mwalimu wa kwaya ya Mtakatifu Maria pale Chimuli, Anglikana. "Mteule Uwe Macho" iliingia kila nyumba, kila basi. Mwaka 2011 Sony wakatangaza mkataba naye, ikasemwa ni wa kwanza kwa msanii wa Afrika Mashariki na Kati. Sasa jiulize, kati ya watu wote waliokuwa wanasafiri Dar hadi Dodoma wakimsikiliza ndani ya basi masaa nane, wangapi walikuwa wanasikiliza nakala halisi? Nauli tulilipa. Dereva alilipwa. TV ya basi ilinunuliwa.

Na Hukwe Zawose. Mgogo wa kijiji cha Doduma, akaenda Bagamoyo, akapeleka ilimba na zeze duniani, akarekodi na Real World, ile kampuni aliyoianzisha Peter Gabriel huko Uingereza. Alifariki Desemba 2003. Mwaka 2024 mwanaye Pendo na mjukuu wake Leah, wanajiita The Zawose Queens, wametoa albamu inaitwa "Maisha" kwenye kampuni hiyo hiyo, na imetoka hadi kwenye santuri. Santuri mpya Ulaya mara nyingi ni pauni ishirini na zaidi, yaani zaidi ya elfu sitini za kwetu. Wazungu wananunua! Marekani mwaka 2022 santuri ziliuzwa nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987. Watu wenye intaneti ya kasi kuliko sisi, wenye kila wimbo kwenye simu, wanatoa hela kushika sahani kubwa ya plastiki. Kwa hiyo hii habari ya kwamba teknolojia ndiyo iliyoua bei, mi siinunui. Muziki wa Kigogo una bei ya elfu sitini kule, hapa Dodoma ulikozaliwa unaambiwa "nitumie kwa WhatsApp".

Hiyo "nitumie kwa WhatsApp" ndo iliyonikalisha niandike. Kuna jamaa yetu wa mwaka wa tatu, jina nalihifadhi. Ana nyimbo tisa, nyingine Kigogo nyingine Kiswahili, mjomba wake kapiga zeze humo ndani, ni kazi ya miaka miwili. Akafikiri sana atoe kwenye nini. CD hakuna mwenye pa kuiweka, kompyuta za siku hizi hazina hata tundu. Akanunua flashi za GB 4 kwa jumla, elfu nne na mia tano moja, akaweka nyimbo, akachapa kikaratasi chenye maneno ya nyimbo na maana ya Kigogo, anauza elfu nane. Faida elfu tatu na mia tano kabla ya nauli.

Wiki mbili, kauza sita. Mbili kati ya hizo kanunua mhadhiri mmoja.

Wengine wote jibu ni moja, tena kwa upendo kabisa: "Mwanangu, kali sana hii, si unitumie tu?" Na anayesema hivyo ana simu ya laki nne na soda mkononi. Na akitumiwa anasambaza kwenye magrupu manne anaandika "tumsapoti ndugu yetu". Sapoti gani hiyo? Mwingine kamwambia eti kusambaa ni promo. Promo ya nini? Promo ni ya kuuza kitu. Ukishagawa chenyewe kinachouzwa, kilichobaki kutangazwa ni nini?

Kuna mtu atasema wanafunzi hatuna hela. Sawa, na ni kweli mwezi wa kabla ya bumu tunaishi kwa mihogo. Lakini nimeshawaonyesha hesabu ya chumba chetu.

Tena nitawaambia nani anajua kuuza muziki nchi hii hadi leo. Kwaya. Mmeshahudhuria uzinduzi wa albamu ya kwaya? Mgeni rasmi anaitwa mbele, anakabidhiwa DVD ya kwanza, anaulizwa "mheshimiwa utainunua kwa bei gani?" Anasema laki tano. Vigelegele. Anakuja mwenyekiti wa wazee, laki. Akina mama wa umoja wanachanga, elfu hamsini. Anabaki bibi mmoja wa nyuma kabisa, anakuja na elfu mbili iliyofungwa kwenye pindo la kanga, naye anapewa nakala yake na kupigiwa makofi yale yale. Na ninyi mnajua kama mimi, nusu ya watu waliobeba hizo DVD nyumbani hawana deki! Haichezi popote. Itakaa kabatini pembeni ya vyombo vya wageni.

Wamenunua nini? Si chombo, chombo hakifanyi kazi. Wamewanunua wale watu waliosimama mbele yao wakiimba, wanaowajua kwa majina, ambao Jumatano waliwasikia wakifanya mazoezi mpaka saa nne usiku. Kwa hiyo bei ya wimbo ipo, haijafa. Ila mtu anailipa akimuona mwenye wimbo usoni. Redio ilimficha, kanda ikambakiza picha, memori kadi ikabakiza jina la faili ambalo nalo dogo wa stesheneri analibadilisha anaweka namba yake ya simu. Teh teh, hilo la namba ya simu linaniuma kuliko yote.

Sasa basi, kwa wale mlioko serikali ya wanafunzi, hili ni lenu, msikwepe. Kila mwaka mnaandaa sherehe ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Kuna jenereta, kuna maspika, kuna MC wa kulipwa. Wasanii wa chuo wanapewa dakika tano tano na maji ya chupa. Mi siombi muwalipe, najua bajeti mtanionyesha. Naomba meza. Meza moja pale pembeni ya jukwaa, msanii akishuka anakaa hapo na kazi yake, iwe flashi, iwe karatasi yenye namba ya kulipia ukitumiwa nyimbo, chochote, na bei imeandikwa kwa maandishi makubwa. MC atamke bei mara tatu. Mkuu wa ndaki ndiye awe wa kwanza kununua, mbele za watu, kama mgeni rasmi wa kwaya.

Na wale wa mikoani mtakaokuja Chamwino kwenye Tamasha la Muziki wa Cigogo, lile lililoanza 2009: mkirekodi kwa simu zenu muheme wa akina mama, kabla hamjaurusha waulizeni wale akina mama kama wana kitu wanauza. Halafu nunueni, hata kama ni DVD.

Jamaa yetu flashi zake zimebaki kumi na nne. Anapatikana jioni pale njia panda ya kwenda Ng'ong'ona, karibu na mama wa chapati. Bei ni elfu nane. Ukija na elfu tano mtaongea, ila ukija na Bluetooth utakula chapati tu.